Tuko Mmoja

Moding, Jumamosi jioni, mwisho wa Januari. Huu ni mwaka wa thelathini na tisa tangu nivuke daraja la Malaba nikitoka ng'ambo, Uganda.

Amoit mwanangu,

Mabegi yako yamesimama mlangoni, na mdogo wa mama yako amekwisha kuyafungua na kuyafunga mara nyingi kuliko yanavyoweza kustahimili. Kwa hiyo sitakuambia habari ya sweta, wala chandarua, wala jinsi ya kushika mkoba pale kwenye foleni ya malori. Hayo umeambiwa tangu asubuhi. Wewe ni mwalimu sasa. Kesho unavuka kwenda Iganga kuwafundisha Kiswahili watoto wa watu wangu, kama vile mimi nilivyovuka kuja huku nikawafundisha Kiingereza watoto wa watu wa mama yako. Kama kuna anayepanga mambo haya, hana huruma, lakini mpangilio anaujua.

Juzi uliniuliza swali nikaliacha bila jibu. Ulikuwa unamenya karanga pale kizingitini, ukasema bila kuinua macho, "Baba, si turudi wote Jumapili?" Ulisema turudi. Hujawahi kulala kule hata wiki nzima, lakini hukusema niende, wala uende. Nikainuka nikaenda kuwatazama kuku. Kuku hawakuwa na tatizo lolote.

Jibu ninalo, na nitaliandika hapa mwisho. Unanijua lakini: siwezi kujibu sentensi kabla sijaichanganua. Ni ugonjwa wa kazi. Tena nataka ulipate kwa maandishi, na utaona kwa nini.

Nianze na mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona. Mimi na baba yako mkubwa Waiswa ni mapacha, hilo unalijua. Kwetu Busoga pacha wa kiume anayetangulia ni Waiswa na anayefuata ni Tenywa. Wazazi hawachagui, majina yenyewe yanawangoja watoto. Mama hakuwahi kuniita peke yangu. Alituita kwa wingi siku zote: njooni, kaeni, mmekula? Waiswa akishikwa na homa, tulinyweshwa dawa sote wawili. Mimi nikivunja chungu, tulichapwa sote wawili. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuchunga mbuzi kabla sijasema "mimi" nikamaanisha mtu mmoja.

Halafu nikaenda shule, nikakutana na Kiingereza na ile "I" yao. Inaandikwa kwa herufi kubwa hata ikiwa katikati ya sentensi, imesimama peke yake kama nguzo ya umeme uwanjani. "We" ambayo ni watu wengi inaandikwa kwa herufi ndogo, na "they" ambao ni dunia nzima vilevile. Kwetu mtu ni "ni", kipande kidogo kilichobandikwa mbele ya kitenzi, hakiwezi hata kusimama. Mimi niliipenda ile nguzo, na sioni haya kukuambia. Waiswa hakuipenda. Alikuwa akiandika "i" ndogo mpaka mwalimu akachoka. Ndivyo ilivyotokea kwamba mmoja wetu akawa mwalimu wa sarufi na mwingine akawa na shamba la kahawa.

Vita sitakusimulia. Waliokuwa wakipigana, waliobaki wamekwisha kupatana, na baadhi yao wanapokea pensheni. Wenye bunduki walikuja nyumbani kwetu mara mbili kumwulizia mwalimu, na mara zote mbili mwalimu hakuwepo. Ya tatu hatukutaka kuingoja. Tulikubaliana, mimi na Waiswa, kwamba tuondoke pamoja. Tulipanda lori la matoke hadi Tororo, tumekaa juu ya mikungu. Tororo ndipo akashuka, akasimama kando ya gurudumu, akaniambia, "Tenywa, nenda."

"Na wewe?"

"Wazee watabaki na nani? Nenda."

Basi. Neno moja, mara mbili. Baadaye nimefundisha somo la kuamuru mara nyingi sana. Unaandika ubaoni kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "Go", na kila mwaka kuna mtoto mwerevu anayeuliza, "Mwalimu, sasa mwenye kwenda ni nani? Hajaandikwa." Nami hujibu, "Kiima kimefichwa. Ni wewe." Nimelisema hilo miaka yote hiyo, na kila mara niligeukia ubao kufuta kitu ambacho hakikuhitaji kufutwa.

Pale darajani Malaba, afisa wa upande huu aliniuliza kwa Kiswahili, "Mko wangapi?" Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha redio. Nilijibu nilivyozoea kujibu tangu nizaliwe. Nilisema, "Tuko mmoja."

Alicheka akamwita mwenzake. "Kuja usikie huyu Mganda. Ati wako mmoja."

"Wako mmoja aje?"

"Muulize yeye. Kijana, kazi yako gani huko?"

"Mwalimu."

"Wa hesabu?"

"Wa Kiingereza."

"Afadhali. Pita."

Walikuwa watu wema. Waliniruhusu kupita na wangeweza kunirudisha. Lakini kule Malaba niliitwa Tuko Mmoja kwa muda mrefu. Hata wabeba mizigo waliniita hivyo, na wengi wao walidhani ndilo jina langu la Kisoga. Sikuwasahihisha. Ndiyo sentensi ya mwisho niliyowahi kusema nikiwa bado pacha, na ilikuwa na kosa.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana kesho nawe unaianza. Hapa Moding nilikuta watoto wanaoandika "my mother, he is a farmer". Haukuwa ujinga wao. Kiteso, lugha ya mama yako, hakitofautishi "he" na "she", Kiswahili hakitofautishi, Kisoga hakitofautishi, na majirani zetu Waluhya hivyo hivyo. Katika lugha zetu zote mtu ni yeye, ukitaka kujua ni mwanamume au mwanamke, mtazame. Waingereza ndio waliotaka ijulikane kabla hujamtazama. Nikawa mlinzi wa mpaka huo. Kalamu yangu nyekundu ilisimama pale kama yule afisa, isipokuwa mimi sikucheka, wala sikumruhusu mtu kupita.

Mwaka mmoja msichana wa darasa la tano aliniletea insha, "My mother he was a farmer." Zoezi lilikuwa la wakati uliopo. Nikafuta "he" nikaweka "she", nikafuta "was" nikaweka "is", nikamwambia arudie sentensi ile mara tano. Akairudia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia saa ya chai kwamba mama wa yule mtoto alizikwa wakati wa likizo. Kwa hiyo mtoto alikuwa amekosea kiwakilishi na akapatia kitenzi, nami nikamwandikisha mara tano kwamba mama yake yupo. Nilimtafuta nimwombe radhi. Alisimama akiangalia viatu vyangu, akasema, "Hakuna neno, mwalimu." Ukikuta "alikuwa" mahali ulipotarajia "ni", mwanangu, uliza kwanza. Hilo ndilo somo la ualimu nililo nalo. Mengine utayapata kwenye vitabu vyao.

Halafu nikajifunza Kiteso. Bora ningebaki mjinga.

Wewe umekinyonya, huwezi kujua kinavyomfikia mtu mzima. Kiingereza kina "we" moja. Kiswahili kina sisi moja, na Kisoga hali kadhalika. Mtu akisema sisi, unaweza kujipenyeza ndani yake, na hakuna atakayekutoa. Kiteso kina sisi mbili. Kuna ile inayomchukua na unayesema naye, na kuna ile inayomwacha nje. Maneno yenyewe siyaandiki, unayajua kuliko mimi. Mama yako Agnes ndiye aliyenifundisha, kabla hatujaoana, tukiwa tumesimama njiani na baiskeli yangu katikati yetu kwa ajili ya heshima. Alisema, "Mwalimu, ukikosea hapa utamfukuza mtu bila kujua." Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani nimepewa kito cha sarufi. Sikujua kwamba tangu siku hiyo nitakuwa nasikia kila anayenifunga mlango.

Na walifunga, Amoit. Kwa upole kabisa. Sokoni, kanisani, kwenye matanga. Sisi hapa hupanda mapema. Sisi hapa hatuli kitu hicho. Kila mara ile ya kuacha nje, iliyotamkwa na mtu aliyekuwa akinisogezea kiti.

Nafasi ya naibu mwalimu mkuu ilipobaki wazi, nilikuwa nimefundisha pale miaka mingi kuliko mwalimu yeyote. Wazee wa kamati waliketi chini ya turubai la shule, nami nikaitwa. Mwenyekiti alianza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Mwalimu Tenywa ni wetu kabisa. Mtu asiseme ati ni wa ng'ambo. Huyu tumemwoza binti yetu, huyu ni wetu." Watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni, akasema kwa Kiteso, "Sisi tutakaa, tutaamua." Unajua alitumia sisi ipi. Alikuwa akisema na mimi, na mimi sikuwamo. Hakukosea sarufi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mjomba wako Okisai alikuwa kwenye kamati hiyo, akashughulika kutoa matope kwenye gambuti zake kwa kijiti.

Nafasi alipewa kijana niliyemfundisha. Mwenyekiti alinifuata nje. "Mwalimu, usiweke moyoni. Wewe ni mtu wetu."

"Najua, mzee," nikamwambia. "Kama ng'ombe wenu."

Akacheka sana. Akadhani ni utani, akawasimulia wengine, nao wakacheka. Lakini nilikuwa nimesema sarufi tupu. Kuwa "wetu" na kuwa "sisi" ni vitu viwili mbalimbali. Shamba ni letu, jembe ni letu, mwalimu ni wetu. Kimilikishi hakikuingizi ndani. Kinasema tu wewe ni mali ya nani.

Jioni ile Agnes alikuwa anasonga atap, ugali wa wimbi. Nilimwambia yaliyotokea, naye hakusema pole, hakuwa mtu wa pole. Aliendelea kusonga, halafu akasema kwa Kiteso kwamba mvua ikikawia sisi tutapanda mihogo lile shamba la chini. Lilikuwa shamba la baba yake. Akatumia ile sisi nyingine. Nilikula nikashiba. Mama yako hakuwahi kuikosea mpaka mwisho, hata tulipogombana. Akinikasirikia aliacha kabisa kusema nami, kuliko kuchagua sisi isiyo yangu.

Na jina lako. Umeniuliza tangu ulipojua kusoma, nami nimekujibu nusu nusu. Bibi yako wa hapa, mama yake Agnes, ndiye aliyekupa. Alikushika, akakutazama, akasema huyu ni Amoit. Emoit, na kwa mwanamke Amoit, ni mtu wa kabila jingine, na siku za vita vya zamani neno hilo lilimaanisha adui. Walikuwepo akina Amoit kabla yako na wapo wengine sasa, ni jina kama majina mengine. Hata hivyo mle chumbani kila mtu alijua kwa nini wewe. Nilitaka kukataa. Mama yako akaniambia, "Jina si tusi. Wewe mwenyewe huwafundisha watoto." Kweli niliwafundisha. Nomino ya kawaida ukiipa herufi kubwa inakuwa nomino ya pekee, haimtaji tena kila mtu, inamtaja mmoja. Basi nikakuandika kwa herufi kubwa. Ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kumjibu mama mkwe.

Kule unakokwenda hakuna atakayejua maana yake. Watakuita Mkenya. Utazoea.

Matanga ya babu yako, baba yangu, unayakumbuka? Ulikuwa na miaka minane, umevaa gauni la kijani alilokushonea mama yako, na ulitapika njiani baada ya Bugiri. Nilikuwa sijakanyaga kule tangu lile lori la matoke. Tulifika, tukaonyeshwa turubai la kukaa. Waiswa akasimama kuhutubu, kwanza kwa Kisoga, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya waheshimiwa. Akashukuru kanisa, akashukuru majirani, akashukuru wageni waliotoka Kenya. Ukanivuta shati. "Baba, wageni ni sisi?"

Nikakuambia, "Nyamaza, mama."

Akaendelea. Akaeleza jinsi alivyowalea wazee peke yake. Akasema kwa Kiingereza kwamba ndugu yake aliwaacha wakati wa shida. "He left us." Nilikuwa nimekaa mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba nafsi ya kwanza ni anayesema, ya pili ni anayeambiwa, na ya tatu ni anayesemwa, ambaye kwa kawaida hayupo. Nami nilikuwepo. Watu waligeuka kunitazama. Na ile "us" ya Waiswa, Kiingereza kinaificha ni ya namna gani, lakini masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na Kiteso. Nilijua mara moja.

Baada ya mazishi nilimfuata nyuma ya jiko. Nikamwuliza, "Waiswa, Tororo ni nani aliniambia nenda?"

"Siku zile watu walisema mengi."

"Wewe ulisema neno moja."

Alitazama upande wa jikoni kama kuna mtu anasikiliza. Kisha akaniambia kile ambacho sijawahi kukuambia wewe. Aliporudi nyumbani siku ile alimwambia mama kwamba nilimtoroka njiani. Aliogopa kusema ndiye aliyenituma. Mama angemwuliza kwa nini ametenganisha mapacha, na swali hilo kwetu halina jibu zuri. Mama akaishi miaka mingine sita. Akafa anajua Tenywa aliondoka mwenyewe, hakuaga.

"Kwa nini hukumwambia hata alipokuwa anakufa?" nikamwuliza.

"Sasa unataka nini? Nimfufue nimrekebishie sarufi?"

Ndivyo alivyosema. Ana ulimi mkali, na anacheka kama mimi, utaona, utashtuka. Tuliondoka alasiri ile ile. Uliniuliza kwenye gari kwa nini hatukulala, nikakuambia mama ana kazi shambani.

Mama yako alipotuacha, mwaka wa tatu huu, mjomba Okisai alinisubiri mpaka watu wakapungua. Alisema kwa heshima zote, "Mwalimu, usichukie nikikuuliza. Siku yako ikifika, tukupeleke kwenu?"

Nikamwuliza kwenu ni wapi.

"Si huko kwenu."

Fikiria neno hilo, wewe utakayelifundisha. Waingereza wana nomino yao ya nyumbani, "home", na mtu anaweza kuibeba mfukoni hata akiwa hana pa kwenda. Kiswahili hakikupi. Nyumbani ni nyumba tu iliyoongezewa mkia. Hata nyumba ya kupanga ni nyumbani. Lakini kule hasa, kunakouma, hakuna nomino. Kuna kwetu, kwenu, kwao. Huwezi kukutaja mpaka useme kwanza wewe ni nani na umesimama na nani. Kwa Okisai kwangu ni kwenu. Kwa Waiswa kwangu ni kwao, Wakenya. Neno la tatu limebaki, lile la kusema na mwingine, na aliyekuwa akilisema nami yuko chini ya mawe meupe pale nyuma ya zizi. Nilimjibu Okisai, "Kwetu ni hapo kando ya Agnes." Mpaka leo hajakubali wala hajakataa. Ikifika siku yangu, mtaamua wewe na yeye; sitabishana, maana siku hiyo nitakuwa nafsi ya tatu kwa haki.

Sasa simu ya Waiswa. Ulikuwa umempigia kumwambia siku utakayofika, ukaweka sauti ya nje, simu juu ya meza. Mimi nilikuwa hapo hapo. Kiswahili cha baba yako mkubwa ni cha barabarani, cha wanunuzi wa kahawa, lakini kinaeleweka. Alikuuliza, "Yeye iko hapo?"

Ukasema, "Yuko, Baba Mkubwa. Anakusikia."

"Ambia yeye arudi. Sisi tulisha samehe yeye."

Uliniangalia huku unatabasamu, machozi yamekulenga. Ulidhani mlango umefunguliwa. Ndipo ulipoanza kusema turudi. Sikutaka kukuharibia, nikaenda kwa kuku.

Lakini ichanganue, mwalimu. Sisi: nani? Yeye: nani, nami nilikuwa hapo naisikia pumzi yake? Samehe: kosa gani? Kitenzi hicho hakikai bila kosa, na kosa halikutajwa, kwa sababu anayelijua ni mimi na yeye tu. Nikivuka kesho nawe, nikakaa kwenye kiti nitakachopewa, nitakuwa nimekubali kusamehewa. Watu watasema Tenywa amerudi, ametubu. Na mama yangu atabaki amezikwa na uongo ule milele, safari hii ukiwa na sahihi yangu.

Angesema neno moja tu ningepanda gari. Si samahani, hilo sikulingoja. Angesema, "Njoo." Kiima kingefichwa, nami ningekijua. Alijua kuniambia "Nenda" bila kumtuma mtu.

Usidhani nakukataza. Kaa kwake, kula chakula chake, mwite Baba Mkubwa. Kwa watoto ni mtu mwema, na hakunitendea ubaya kwa kupenda ubaya. Alichagua lililokuwa jepesi kwake siku ile, halafu likamkalia siku zote. Usimwulize habari ya Tororo. Akitaka kukuambia, atakuambia. Na watoto wako wa darasani wakiandika "sisi nasamehe yeye", usiwacheke. Wasahihishe, kisha uwaulize ni nani aliyekosewa.

Ile turudi yako nimeiweka. Tangu mama yako hakuna aliyeniweka ndani ya kitenzi namna hiyo, na sikutegemea kitatoka kinywani mwa mtu niliyemwandika Amoit.

Atakuuliza kesho, ukiwa hujaweka begi chini, "Yeye iko wapi?" Wewe ni mwalimu na usemi wa taarifa unaujua: maneno ya mtu yakipelekwa na mwingine, nafsi ya kwanza hugeuka ya tatu. Utataka kusema kwa adabu, "Baba amesema kwamba hatarudi." Usiseme hivyo. Nimekuwa yeye kwa miaka thelathini na tisa, pande zote mbili za daraja. Mpe karatasi hii ya mwisho aisome mwenyewe, au umsomee kama ilivyoandikwa, usemi halisi, bila kugeuza kitu. Ni neno moja, nafsi ya kwanza, umoja.

Sitarudi.